Hodi ya Tatu

Msiniambie ningesema "subiri kidogo." Mkwe haambiwi subiri.

Ilikuwa mwaka 1976, Misunkumilo. Mimi, Ponsian mpiga picha, nilikuwa nimeagiza filamu ya roli kubwa, mita thelathini, maana zile za kopo moja moja zilikuwa haziji Mpanda. Mchana nikajifungia kwenye stoo ya uani, nikaziba kila ufa kwa mablanketi. Ukutani nilipiga misumari miwili: gizani navuta filamu toka msumari hadi msumari, nakata, naizungushia kwenye kopo tupu. Mwanga ukiingia tu, roli zima limeungua.

Nilikuwa kopo la tatu niliposikia, "Hodi!"

Mama mkwe, kutoka Usevya. Mke wangu Verdiana alikuwa kisimani.

Nikisema "karibu", lazima nitoke palepale nimpokee mzigo. Nikakaa kimya. Jasho linatiririka, filamu inaning'inia mkononi.

"Hodi!"

Nikashtuka, kifuniko cha kopo kikaniponyoka, kikalia sakafuni. Hatua zikaja mpaka mlango wa stoo, zikasimama.

"Hodi." Safari hii taratibu. Alinisikia nikihema. Najua alinisikia.

Kisha akaondoka.

Nilipotoka nilikuta kikapu cha mchele mlangoni. Filamu ilipona yote. Nimepiga vipaimara, harusi, mazishi, hakuna sura wilaya hii sijaipiga. Mama mkwe hakukanyaga kwangu tena mpaka anazikwa.

Juzi Verdiana ameniomba picha ya mama yake. Mimi, mpiga picha, sina.