Suruali Mbili za Mwanachuo

Katika chumba kile cha ushonaji, Sindano peke yake ndiye aliyemaliza nguo siku aliyoahidi. Shangazi yake, mwenye cherehani zote, hakuipenda tabia hiyo. "Mteja akizoea kupata nguo kwa wakati," alisema, "siku ukichelewa atakuona mwizi." Ndiyo maana wote walishangaa, likizo ile ndefu baada ya matokeo ya mtihani wa mwisho, walipoona suruali mbili za kijana mmoja hazimaliziki.

Jina la Sindano binti huyo alipewa na mpiga pasi, kwa wembamba wake na kwa sababu, alivyodai, ukimgusa vibaya unatoka damu. Kijana naye wakamwita Mwanachuo, ingawa chuo chenyewe kilikuwa hakijafunguliwa. Hao wawili walisoma darasa moja tangu utotoni. Matokeo yalipotoka, Mwanachuo alipata nafasi ya kusomea uhandisi katika mji wa mbali. Sindano hakupata kitu. Akakaa kwenye cherehani ya dirishani, ambayo alikuwa ameizoea tangu mama yake afariki na shangazi amchukue.

Mwanachuo alileta kitambaa cha kijivu, akapimwa kiuno, nyonga na urefu wa mguu. Sindano akasahau kupima paja, ikabidi amwite tena. Aliporudi, Sindano akasahau kipimo kingine.

"Huyu naye anapimwa kama kiwanja," alisema mpiga pasi. "Leo mpaka huu, kesho ule. Bado kusimika mawe tu."

"Wewe angalia pasi yako isituunguzie nguo za watu," alijibu Shangazi, naye akicheka.

Basi ikawa kila mchana Mwanachuo anakuja, anaambiwa arudi kesho, na haondoki. Alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha, akifumua mishono ya nguo za marekebisho kwa wembe huku wakizungumza. Jioni walizunguka kwa njia ya nyuma ya maghala, wameshikana mikono. Walipokaribia penye watu, Mwanachuo aliuachia mkono. Sindano aliliona hilo, akajiambia ni aibu tu za kivulana.

Siku moja, wakiwa huko nyuma, alimwuliza, "Ukishaondoka, mimi nitakuwa nani?"

"Utakuwa wangu."

"Nani anajua?"

"Mimi najua."

"Wewe na nani?"

Mwanachuo alipiga kokoto teke. "Sawa. Siku ya kuchukua nguo nitakuja na mama. Nitamwambia palepale, mbele ya shangazi yako. Umeridhika?"

Aliridhika. Hakuwa anadai ndoa wala pete. Alitaka mtu mzima mmoja tu wa upande wa pili ajue kwamba yupo. Tangu siku hiyo hakusahau tena kipimo chochote. Alizishona suruali zile kwa mshono mdogo uliobana, akatia bitana mifukoni, na matundu ya vishikizo akayashona kwa mkono, kazi ambayo wengine pale walikuwa wameiacha zamani. Shangazi alipoambiwa, alitandika kitambaa kipya kwenye benchi la wateja na kumwamuru mpiga pasi avae shati la heshima.

"Kwani naposwa mimi?" aliuliza mpiga pasi. Lakini alivaa.

Mama yake Mwanachuo aliingia akihema kwa joto, mcheshi, mwenye sauti ya kujaza chumba. "Hodi humu! Fundi ni yupi? Suruali za huyu mtoto zimekaa hadi nikadhani mmezipeleka ng'ambo kushonwa."

Walicheka wote. Kijana akaingia nyuma ya pazia, akatoka amevaa. Zilimkaa vizuri mno. Mama alimzunguka, akavuta mkanda, akageuza mfuko. "Una mkono, mwanangu. Ila niongezee upindo. Huyu bado anarefuka."

Sindano akapiga magoti na pini mdomoni, akaanza kushusha upindo. Kutoka pale chini alimtazama usoni. Mwanachuo alikuwa akitazama dirishani.

"Umemshukuru fundi?" aliuliza mama.

"Asante, fundi," alisema Mwanachuo.

Mpiga pasi aliinua pasi na kubaki nayo hewani. Shangazi alijaribu kumsaidia kijana. "Hawa si walisoma pamoja?"

"Eti? Hukuniambia!"

"Darasa moja," alisema Mwanachuo. "Tulikuwa wengi."

"Haya basi. Na wewe, mwanangu, umepangiwa chuo gani?" Mama aliuliza kwa upole kabisa.

Sindano alikuwa na pini mdomoni, na alizishukuru.

"Yupo hapa na mimi," alijibu Shangazi.

"Si haba. Angalau ana ufundi."

Jioni Mwanachuo alirudi peke yake. Sindano alikuwa akiitia cherehani mafuta.

"Nilitaka kusema, wallahi. Ila mama alikuwa amefurahi sana. Nikaona nisimharibie."

"Umharibie nini?"

"Sikumaanisha hivyo."

"Ulimaanisha hivyohivyo."

"Nitakupigia nikifika," alisema. Halafu, akiwa mlangoni tayari, "Kesho usije kituoni, tafadhali. Wajomba watakuwepo."

Sindano alifuta mafuta yaliyozidi, polepole, hadi nyayo za Mwanachuo ziliposikika mbali. Shangazi akatoka chumba cha nyuma. Alikuwa amesikia yote.

"Lia, mwanangu. Usijibane."

"Hayaji." Alikunja kitambaa cha mafuta. "Shangazi, ungekuwa wewe ndiye yule mama, ungetaka mwanao akuambie habari yangu?"

Shangazi alijitoa nyuzi zilizoganda kwenye gauni, mmoja baada ya mwingine, hata zikaisha.

"Ningetaka apate msichana wa chuo," alisema. "Sitakudanganya."

Sindano aliitikia kwa kichwa. Alivuta furushi la mashati ya shule yaliyosubiri kola, akapitisha uzi kwenye tundu, akaanza kukanyaga. Nje watu walipita wakirudi makwao kutoka kazini, na hakukuwa na hata mmoja kati yao ambaye yeye alikuwa akimngojea.