Gari Lisilozimwa Haraka

Mama yangu alikuwa anakausha samaki kule Ferguson's Gulf, kwenye ufuo wa ziwa, na kazi yake kubwa haikuwa kukausha, ilikuwa kunusa. Upepo ukikata alipita kati ya samaki ameinama, pua chini, anachagua mmoja anatupa pembeni. Mimi niliona wote sawa tu. Yeye alijua yupi ataoza kesho. Siku za mzigo, lori linapokuja kununua, alirudia kuwanusa wote kwa hofu, maana lori likikataa samaki, hiyo ni njaa. Shule nilikomea darasa la pili, kwa hiyo masomo yangu ni hayo. Baadaye nikapanda hayo malori ya samaki, nikaanza kushika spana, na pua ya mama nikaipeleka kwenye injini. Oili iliyoungua ina harufu yake. Maji ya rejeta yakiingia mahali hayatakiwi, moshi unakuwa na utamu fulani. Leo nina gereji ndogo hapa Kanamkemer, pembeni ya Lodwar, na ile hofu ya siku ya mzigo ninayo bado.

Basi ndiyo nikaletewa gari la mbio. Milango miwili, tumbo karibu liguse chini. Mwenye kulileta ni Hajji, Msomali wa Kakuma, mtu wa malori, tumejuana tangu hii barabara ikiwa mchanga mtupu. Gari si lake. Mdogo wake aliliacha alipopelekwa kuishi ng'ambo, akamwambia, kaka nitunzie. Sasa mdogo anakuja kutembea.

"Ni amana, mzee," Hajji akaniambia. "Nikimkabidhi chuma kilichokufa, nitamtazama na macho gani?"

"Na hii amana ulikuwa umeifungia pamoja na mbuzi?" Nilikuta mavi hadi kwenye kiti cha dereva.

"Walikuwa walinzi. Tangu lini Mturkana analalamika juu ya mbuzi?"

Mipira ya maji ilikuwa imekauka, nikabadilisha. Breki, plagi, hayo si kitu. Kilichoniondolea usingizi ni turbo, kile kipangaboi kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kisukume hewa kwenye injini. Mhimili wake ulicheza nilipoushika kwa kidole. Tuliagiza nyingine Nairobi, ikaja na basi, haikuwa ya gari hilo. Siku zikawa zimeisha. Ikabidi hii ya zamani ibembelezwe.

"Ukisimama usizime," nikamwambia. "Acha ingurume polepole mpaka ipoe. Oili ndiyo inaipoza. Ukizima ikiwa moto, oili inaungua ndani na mhimili unashika."

"Nimesikia."

"Na usizime kwenye mteremko."

Hapo akanikunjia uso. Huo ndio ugonjwa wa madereva wa huku, petroli ni ghali, kila barabara inaposhuka kwenye laga, yaani mto mkavu, mtu anazima, gari linateremka lenyewe. Yeye alifanya hivyo maisha yake yote, na nusu ya madereva wa Kakuma alifundisha yeye.

"Mimi ni mtoto?" akasema.

Nikaingia naye hata hivyo. Sikuweza kubaki. Kutoka Lodwar nilikaa kama mtu anayepelekwa hospitali, sikio kwenye boneti. Lami ilikuwa nzuri, akaomba alikanyage kidogo. Likavuta mpaka mgongo ukanata kwenye kiti. Mzee mzima akacheka peke yake. Mimi nilinusa tu.

Tulipoona mabati ya Kakuma yanang'aa, simu ikalia. Ni mdogo wake, amefika, yuko mlangoni.

"Simama hapo hapo," Hajji akamwambia. "Utalisikia kabla ya kuliona."

Akaweka simu chini. Mawazo yote yalikuwa mlangoni kwake. Mbele barabara ikashuka kwenye laga, na mkono wake ukaenda kwenye ufunguo, ukazima.

Kimya. Matairi tu na upepo.

"Hajji," nikasema.

Akautazama ule mkono. Akarudisha ufunguo, akaachilia klachi, injini ikawaka, ikapiga mluzi kama bati linalokatwa, halafu moshi wa bluu ukajaa nyuma yetu. Harufu ikaja. Sikuhitaji kufungua boneti kujua turbo imekufa.

Akasimamisha gari ukingoni. Nikamwambia tuite lori lake moja lituvute, ndugu ni ndugu, ataelewa. Akashuka, akafuta vumbi kwenye kioo kwa mkono wa kanzu, akafunga mlango taratibu. Akavuka laga kwa miguu, akashika njia ya mjini kumkabili mdogo wake mikono mitupu, bila kugeuka, na tangu siku hiyo hajarudi tena, si kwa gari, si kwangu.