Mpunga wa Peke Yake Mlimani

Mlimani Nyakarenzo watu hupanda maharage na mihogo. Mimi nilipanda mpunga. Shamba lilikuwa la mama mwenye nyumba wangu, mjane aliyekulia Kongo kabla ya kurudi huku. Nilimwita Maman, naye aliniita Papa, kwa Kiswahili chake cha Kongo. Tulikubaliana hivi: mavuno yake, vipimo vyangu. Mpunga ukimpendeza, ningepewa shamba tena. Usipompendeza, maharage yangerudi.

Chuoni tulifundishwa kwamba shina lenye machipukizi mengi huzaa zaidi. Sikuamini, kama kawaida yangu. Nilipanda aina mbili za mbegu bega kwa bega: moja ndefu, yenye machipukizi mengi, nyingine fupi, yenye machache. Maman aliipenda ile ndefu. Akipita, aliipapasa.

Masuke yalipoanza kujaa, ndege wakaja. Kule Bugarama bondeni mpunga wa watu wote huiva pamoja, na ndege hugawanyika. Mlimani ulikuwapo wangu tu. Nilifunga makopo kwenye kamba nikakaa kuyavuta, asubuhi mpaka giza. Wanaokwenda soko la Kamembe walinisalimu toka njiani, wakapita. Kuna siku sauti yangu niliisikia nikiwa nakemea ndege tu.

Maman akiniletea chai alicheka. "Papa, njo masomo ulisomaka, kuchunga bandege?"

Siku ya kupepeta, ule mrefu uliondoka na upepo. Machipukizi yaliyochelewa yalikuwa yametoa masuke ya mapepe, maganda matupu yasiyo na punje. Ule mfupi ulikuwa na masuke machache, lakini punje zilirudi kwenye ungo kwa kishindo. Nilikuwa sahihi. Niligeuka nimwambie mtu. Maman alikuwa anakung'uta makapi kwenye kitenge chake.

Alipika ule mfupi, akala, akausifu, akaongeza. Kisha akasema msimu unaokuja ni maharage.

Nilimwambia nitakaa tena na ndege, hata msimu mzima.

"Najua, Papa," alisema. "Na siku utaenda, nani atakaa nabo?"

Nilikuwa nimepima urefu, machipukizi, masuke na uzito wa punje. Swali lake sikuwa na kipimo chake.

Kesho yake tuling'oa mabua pamoja. Ndege walirudi, wakatua juu ya kamba ya makopo. Mkono wangu ulishika kamba, halafu nikaiachia.