Tochi Yangu Ilivyopanda Pikapu ya Depu

Wasee, chekeni tu, mimi nishajicheka hadi nikachoka. Mathe alinunua tochi ya kuchaji hapo Ruiru, ya stima zikipotea. Ni ndogo kama kidole gumba, lakini ukiiwasha hata mbwa wa jirani anaomba msamaha. Nyuma ina sumaku, inang'ang'ania chuma kama kupe. Nikaipenda, nikaibeba shule.

Shida ni kwamba shuleni kwetu Thika tochi ni marufuku. Ukishikwa nayo, unarudi nyumbani kuleta mzazi. Siku ya kufungua, nikakuta askari getini anapekua kila mtu. Kando yangu ilikuwa pikapu ya naibu wa mwalimu mkuu, tunayemwita Depu. Nikainama kama nafunga kamba za kiatu, nikaibandika tochi chini ya mlango wake. Kabla askari amalize na soksi zangu, Depu akawasha gari akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata, shule nzima ikiwa paredi, Depu akainua tochi.

"Fundi wa tairi ameipata kwa gari yangu. Ni ya nani?"

Ili nisishukiwe, nikapiga kelele kuliko wote. "Ajitokeze! Anatuaibisha huyo!"

"Asante, kijana. Hebu kuja unisomee hapa."

Nikaenda kwa madaha kama prifekti. Kumbe nilipokuwa naoga, mathe aliifikia na ile rangi nyekundu ya kucha anayoandikia jina langu kwa ndoo, kijiko, hata mswaki.

"Kwa sauti," Depu akasema.

"Brian Mwangi," nikasoma. "Form Two."