Madoa ya Mkuyu

Asubuhi ile Agnetha aliamka kwanza, kama siku zote. Akawasha moto, akapika ndizi na maharage. Wakala bila maneno mengi. Kisha akajifunga kitenge, akashika viatu mkononi kwa sababu ya umande, akasimama mlangoni.

"Baba Gideon, mkuyu umeiva. Twende leo ukawaone."

"Akina nani?"

"Si wale ndege wa bluu."

"Mimi na ndege wapi na wapi?" Yustasi akasema. "Kahawa iko nje. Mvua ikija utaianua wewe?"

"Kahawa haina miguu."

"Na ndege wako wana mabawa. Waende, watarudi."

Agnetha akacheka, akashuka njia ya migombani. Ndivyo walivyoagana.

Alizaliwa Bweranyange, akaolewa Songambele akiwa na miaka kumi na tisa. Alizaa watano, akazika wawili. Loji ilipojengwa kule bondeni, ukingoni mwa msitu, alikwenda kuomba kazi ya kufua mashuka, akapewa. Wageni wa pale wanatoka mbali kuja kutazama ndege tu. Wanakaa barazani tangu alfajiri, darubini machoni, hawasemi. Yustasi aliposikia hayo mara ya kwanza alidhani mkewe anamtania.

Agnetha alianza na ndege kwa ugomvi. Anafua shuka jeupe, analianika, akigeuka limechafuliwa. Anafua tena, wanachafua tena. Mwisho akaacha kuwatukana, akaanza kuyatazama madoa. Doa la zambarau ni makuyu. Doa la njano lenye mbegu ndogo ni matunda ya mti mwingine, wa kule kilimani. Doa likiwa pana kama kiganja, amepita yule ndege mkubwa wa bluu mwenye kishungi cheusi, ambaye wageni wanapanda ndege ya chuma kuja kumtafuta. Basi akawa anajua mti upi umeiva na nani yuko juu yake.

Nestory, anayewaongoza wageni, amesomea ndege chuoni. Lakini kila asubuhi alipita kwanza kwenye kamba ya nguo.

"Shikamoo mama. Leo wapi?"

Agnetha anainua ncha ya shuka, anatazama. "Marahaba. Leo mkuyu wa chemchemi. Msikawie."

Jioni alimsimulia Yustasi yote, naye alimcheka. "Nimeoa msomi wa mavi."

"Msomi ni msomi," Agnetha alimjibu. "Wewe umesoma nini?"

Miaka kumi na mmoja alimwomba waende wote. Ni mwendo wa nusu saa. Mara kahawa, mara mbuzi, mara magugu, mara goti.

Siku ile, yapata saa nne, pikipiki iliingia uwanjani. Nestory akashuka. Hakuamkia. Yustasi akajua kabla hajaambiwa. Agnetha alikuwa ameanguka chini ya kamba, shuka mkononi. Presha. Walipomfikisha zahanati alikuwa ameshakata roho. Yustasi alibaki amesimama, viganja vimejaa kahawa.

Mvua haikunyesha siku hiyo.

Wakamzika migombani, nyuma ya nyumba. Siku ya pili ya matanga Yustasi alimwita Celestina, mdogo wa marehemu.

"Shemeji, nataka kwenda msituni."

"Kufanya nini?"

"Kuona ndege."

Celestina alimtazama kama mtu aliyeharibikiwa akili. "Shemeji, udongo haujakauka. Mfiwa haachi uwanja wake kabla matanga hayajaanuliwa. Unataka watu waseme unamkimbia dada?"

"Mkuyu utaisha."

"Utazaa tena."

"Huo utakaozaa tena si huu. Aliniambia huu."

"Kaa chini, shemeji. Nakuomba."

Akakaa. Alikaa kwenye majani yaliyotandikwa sebuleni, watu wakija na kuondoka, wachungaji wakisali. Ndege yeyote akilia migombani, aliinua kichwa. Hakuwa anajua hata mmoja kwa sauti yake.

Matanga yakaanuliwa. Wakanyoa nywele, wakafagia majani. Kesho yake Yustasi akavaa koti la kanisani, akashuka bondeni peke yake.

Kwenye kamba mashuka yalikuwa meupe. Mwanamke asiyemjua alikuwa akianika. Akaamkia, kisha akasema kwa furaha, "Mzee, wiki hii ndege wametuhurumia. Sijarudia shuka hata moja."

Yustasi akapita. Alikwenda mpaka mkuyu wa chemchemi. Matunda yalikuwa chini, yameoza, yamejaa siafu. Juu palikuwa na majani matupu. Akatazama juu mpaka shingo ikauma. Hakuna kilichotikisika.

Akarudi barazani. Nestory akamwekea kiti, akaenda ndani, akarudi na chai ya maziwa.

"Pole sana, mzee."

"Wamekwenda wapi?"

Nestory alitupa jicho ng'ambo ya mto, halafu akainamisha uso.

"Unajua walipo?"

"Najua, mzee."

"Basi nionyeshe. Sikuja kunywa chai."

Nestory hakuinuka. Akajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Mzee, mama aliniagiza. Ni asubuhi ile ile, kabla hajaanika."

"Alisemaje? Sema kama alivyosema. Usiongeze."

Nestory akasema kama alivyosema Agnetha:

"Mzee wangu ni mbishi, ila iko siku atakuja. Akinikuta nafua, mpe chai ya maziwa, akae. Usimwambie ndege walipo. Nataka nimwonyeshe mwenyewe."