Mwaka Nilioonja Bila Kunusa

Homa ilinishika wiki ya pili baada ya wizara yetu kunihamishia Dodoma. Nililala siku tisa katika nyumba ya kupanga kule Miyuji, masanduku yangu yakiwa bado yamefungwa kamba, na siku ya kumi niliamka mwili ukiwa mwepesi kama pamba. Nikachemsha maji, nikakoroga kahawa niliyotumiwa na mama yangu kutoka Bukoba, nikakiinamia kikombe. Nilisikia mvuke tu. Nikanusa sabuni. Nikanusa mafuta ya taa. Nikatoka uani nikafunua pipa la taka, nikasimama pale kama mtu aliyesahau alichofuata. Dunia ilikuwepo mbele yangu na rangi zake zote, lakini ilikuwa kama imefuliwa ikaanikwa, haina harufu yoyote.

Daktari alinimulika puani kwa tochi akasema homa za namna ile huwa zinafanya hivyo.

"Itarudi yenyewe," alisema. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, akaongeza, "Mara nyingi."

Ulimi haukufa wote. Ulijua chumvi, sukari, ndimu, na uchungu wa dawa. Zaidi ya hapo palikuwa kimya. Pilau na wali mweupe vilikuwa mapacha. Mbuzi wa kuchoma, ambaye wenzangu ofisini walimsifia tangu Jumatatu hadi Ijumaa, kwangu alikuwa nyuzi zenye chumvi. Sikumwambia mtu. Ukivunjika mguu watu wanakuja na maua na machungwa. Ukipoteza harufu wanakuambia mshukuru Mungu uko hai, nami nilikuwa nimeshamshukuru.

Basi Jumamosi nikaanza kutembea. Nilijiambia kwamba labda mahali fulani katika mji huu mgeni kuna chakula kimoja chenye nguvu ya kuiamsha pua. Ilikuwa miezi ya upepo, ule upepo wa Dodoma unaoanza asubuhi na kushinda ukivuta vumbi jekundu taratibu barabarani, kama mtu anayekokota shuka. Vilima vilikuwa vinaonekana kisha havionekani. Nilikwenda sokoni nikala karanga mbichi na ubuyu. Nilikwenda kwenye mashamba ya zabibu nje ya mji nikapewa kichala na mwenye shamba, nikasimama kati ya mistari ya mizabibu nikizipasua moja moja kwa meno, baridi, tamu, tupu. Nilikunywa mvinyo wa dumu kwenye vibanda vya barabarani. Kila mahali nilifumba macho nikasubiri, na kila mahali nilirudi na vumbi kwenye kope.

Kitu kimoja tu nilikipenda, nacho kilikuwa mlenda. Aliyenipa mara ya kwanza ni mama jirani, mjane wa Kigogo aliyeishi nyumba ya pili kutoka kwangu. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini, na kila mwisho wa juma alipika pombe ya mtama, ile wenyewe wanaiita ujimbi, kwa wateja wake wa siku zote. Siku moja nilipita mbele ya mlango wake nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kwetu tunasema mbukwenyi. Umekonda, mwanangu. Ingia."

Alinipa ugali wa uwele, mweusimweusi, na bakuli la mlenda. Nikachovya. Ule utelezi ukapita kooni kama kitu chenye akili yake, nikacheka peke yangu. Kumbe bado kulikuwa na furaha ambayo haikupitia puani! Tangu siku hiyo nikawa nakula kwa kugusa: ugumu wa ugali, mchanga mwembamba wa mtama kwenye meno, ubaridi, uteute. Mama jirani alinitazama nikila.

Bustani ya bia niliifikia kwa bahati. Ilikuwa upande wa kwenda Chimwaga, nyuma ya ukuta usio na kibao, meza sita chini ya turubai na stoo moja yenye mapipa ya chuma. Mwenyewe alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwenye upara na miwani, aliyeacha kufundisha kemia sekondari ili atengeneze bia. Alitengeneza kidogo kidogo, chupa mia kwa mkupuo, na kwenye kila chupa aliandika kwa mkono wake ilichotengenezwa nacho: mtama na choya, uwele na asali ya Manyoni, mtama mwekundu na ganda la limau. Wateja wake walikuwa wanafunzi wa chuo, watumishi kama mimi, na wakati wa vikao, watu wa bungeni waliovua tai na kuzitia mfukoni.

Niliagiza ya choya, yale maua mekundu yenye ukakasi. Nikaishika kinywani muda mrefu, macho nimefumba, nikisubiri. Nikameza. Nikashika tena. Nilipofumbua macho, mwenye bustani alikuwa amesimama mbele yangu na kitambaa mkononi.

"Dada, samahani," alisema. "Unafanya kazi kiwandani?"

"Kiwanda gani?"

"Cha bia. Au cha mvinyo. Sijaona mtu akionja hivyo. Wengine wote wanakunywa tu."

Ningesema ukweli wakati ule, hadithi ingeishia hapo. Lakini nilikuwa sijaulizwa swali na mtu yeyote kwa wiki nzima isipokuwa kuhusu mafaili. Nikasema, "Hapana, napenda tu kuonja."

"Basi niambie. Unaionaje?"

Nikatafuta cha kusema ndani ya kinywa changu. "Inakwaruza pembeni mwa ulimi," nikasema. "Inaanza laini, halafu mwishoni inakauka kama imekimbia."

Alivua miwani. Akaniangalia kama ninavyofikiri alikuwa akiwaangalia wanafunzi wake wachache waliopata majibu. "Choya," alisema. "Naiacha muda mrefu mno. Nilijua! Nilijua kabisa."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwonjaji. Kila Jumamosi saa kumi alinitengea meza ya pembeni na glasi tatu, akakaa mbele yangu na daftari. Nami nilimwambia kweli tupu kuhusu kila nilichokihisi: uzito, mapovu, uchungu, utamu, jinsi bia inavyoshuka kooni. Sikuwahi kusema neno moja la uongo. Niliacha tu kusema lile moja la kweli. Akabadilisha hiki, akapunguza kile, na wateja wakasema bia imekuwa nzuri. Mwanga wa jioni ulipita katika turubai ukatuangukia sote wawili, wa manjano, na glasi zikawa kama taa tatu mezani. Nilifika nyumbani kila mara nikiwa nimeridhika namna ambayo sikuweza kuieleza. Nilisahau, saa nzima nzima, kwamba nina kasoro.

Nikikumbuka miezi ile naiona kama mtu anavyoona kitu chini ya maji.

Kisha bustani ikapata shughuli. Watu wa ofisi fulani walikuwa wanamuaga mwenzao anayestaafu, wakaagiza bia ya uwele na asali, mkupuo mzima. Lilikuwa agizo lake kubwa kuliko yote. Jumamosi ya shughuli aliniita mapema, mchana, akanimiminia glasi.

"Mafua yamenikamata tangu jana, sisikii kitu," alisema. "Leo pua yangu ni wewe."

Nilionja. Ilikuwa laini, tamu kiasi, mapovu madogo madogo. Moyo wangu uliniambia, sema sasa. Nikatazama daftari lake limefunguliwa ukurasa mpya.

"Nzuri," nikasema. "Nzuri sana."

Wageni walipokuja nilikuwa nimekaa meza yangu ile ile. Niliona chupa za kwanza zikifunguliwa. Niliona mama mmoja aliyevaa kitenge cha zambarau akinyanyua glasi, akaisimamisha karibu na mdomo, akaishusha. Akamgeukia mumewe. Mzee anayestaafu alinusa ya kwake akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Mwenye nyumba," aliita kwa upole, "hii bia inanuka yai viza."

Glasi zikaanza kurudi mezani, moja baada ya nyingine, taratibu. Hakuna aliyegomba. Walikuwa watu waungwana, nao uungwana wao ulikuwa mbaya kuliko matusi. Walikunywa soda. Walimwimbia mwenzao, wakaondoka kabla jua halijazama. Mwenye bustani alisimama mlangoni akiwaaga mmoja mmoja, kisha akaja mezani kwangu.

"Ulionja," alisema.

"Nilionja."

"Kwa nini hukuniambia?"

Nikamwambia yote: homa, kahawa, pipa la taka, miezi saba. Alisikiliza hadi mwisho. Hakupandisha sauti.

"Nilikuwa naandika maneno yako kwenye daftari," alisema. "Kila neno." Akachukua glasi tupu akaingia nazo stoo, na hakutoka tena.

Nililia njiani bila kujificha. Nilipofika kwetu mama jirani alikuwa uani kwake, amepiga magoti mbele ya mkeka, anageuza kimea, yaani mtama uliooteshwa na kuanikwa. Alinisogezea kigoda. Nikamweleza, na nilipofika pale pa kusema kwamba sinusi, alinyanyua mkono.

"Hilo nalijua tangu mwezi wako wa kwanza hapa. Siku ya pili uliyokula kwangu, mlenda ulikuwa umeungua. Hata kuku waliukataa. Wewe uliomba tena."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unakula," alisema. "Mtu akila, mimi namwacha ale." Akaendelea kugeuza kimea. "Lakini yule umemkosea. Mlete hapa."

Ilinichukua wiki mbili. Mara ya kwanza mwenye bustani alisema ana kazi. Mara ya pili alisema atafikiri. Mara ya tatu nilimkuta amekaa peke yake kati ya meza sita, hakuna mteja, nikamwambia kuna mama aliyepika pombe ya mtama kwa miaka arobaini na anataka kumwona. Akaifuta miwani yake. Kisha akauliza, "Kimea anaotesha mwenyewe?" Nikajua atakuja.

Alikuja na kipimajoto. Mama jirani alikitazama, akakipokea kwa heshima, akakiweka juu ya dirisha, hakukigusa tena. Alimwonyesha mtama uliolowekwa na kufunikwa gunia hadi ukatoa vijimizizi vyeupe. Alimsagisha kimea. Alimkorogesha uji wa mtama katika sufuria kubwa hadi jasho likamtiririka kwenye upara, akamwambia aingize kidole ajue umepoa kiasi gani.

"Ya kwako ilinuka kwa nini?" alimuuliza.

"Nadhani chachu ilichoka. Asali ilikuwa nyingi, nikaharakisha."

"Mnaharakisha," alisema mama jirani. "Pombe inalala. Ukimwamsha aliyelala kabla hajamaliza usingizi, anaamka na hasira."

Mwenye bustani alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu siku ile. Hakunitazama, lakini alipokosa mahali pa kuweka mwiko alininyooshea mimi, nami nikaupokea.

Tulirudi kesho yake kuchuja. Mama jirani alifunua mtungi uliolala usiku kucha chini ya kitambaa, akainama, akasikiliza. Ndiyo, aliisikiliza pombe kwa sikio. Sisi wawili tulishika kitambaa pande mbili, yeye akamimina. Machicha yakabaki juu, ya moto kidogo, mazito. Nikainamisha uso karibu nayo ili kuona kama kuna mabonge ya unga.

Na hapo kitu kikanigusa.

Kilikuwa chembamba sana. Nilifikiri ni kumbukumbu. Kilifanana na udongo baada ya matone ya kwanza, au mkate uliosahaulika kabatini, au shingo ya mtoto aliyelala. Kikaenda. Nikasimama bila kupumua, nikiogopa kukifukuza, kikarudi. Nikaachia ncha ya kitambaa, machicha yakamwagika miguuni.

"We!" mwenye bustani alipiga kelele. "Vipi?"

"Subiri," nilimwambia. "Subiri, subiri."

Nilipiga magoti palepale, nikachota machicha kwa viganja viwili, nikazamisha uso. Kikaja tena, kichachu, kikali, cha kuchekesha. Nikaanza kulia huku unga wa mtama umenijaa puani, na mama jirani akasema kwa Kigogo maneno ambayo sijui maana yake hadi leo, kisha akamtuma mwenye bustani akalete maji.

Imepita miaka miwili sasa. Pua yangu ilirudi, lakini haikurudi yote. Mvua naisikia. Kitunguu nakisikia, na mbuzi wa kuchoma, ingawa kwa mbali kama redio ya jirani. Kahawa ya mama yangu inanukia kama mpira unaoungua, na siku hizi anapopiga simu kuuliza kama imefika, namwambia ukweli: imefika, lakini bado siwezi kuinywa. Naye anasema ataendelea kutuma.

Mwenye bustani alipoteza wateja karibu nusu mwaka, kisha wakaanza kurudi. Kimea anakichukua kwa mama jirani, na kuna chupa moja ambayo kwenye karatasi yake ameandika neno moja tu, ujimbi. Mimi na yeye hatujawahi kuizungumzia ile siku ya shughuli. Jumamosi iliyopita nilikaa na wateja wengine, akapita akiwa na sinia, akaniwekea glasi. Nikanusa kwanza, nikanywa.

"Haya," alisema.

"Sijaisikia asali," nilimjibu. "Sijui kama haipo, au ni mimi."

Alichukua glasi yangu, akanusa, akafikiri huku turubai likipigapiga juu yetu kwa upepo.

"Ipo," alisema. "Kidogo." Akavuta kiti akakaa.