Persis na Panya wa Chuo Kikuu

Persis Nyanchera alikuwa akiosha chupa katika maabara ya shule moja ya sekondari karibu na Kiogoro. Agosti 1973 wakaja wanafunzi kumi wa chuo kikuu kutoka Nairobi, kufanya mazoezi ya somo la ubongo na tabia. Mhadhiri wao, Dakta Ongeri, mzaliwa wa Kenyenya, aliiomba maabara kwa likizo nzima. Walileta panya weupe ishirini, na kazi ya kuwalisha akapewa Persis.

Nyumbani mumewe, Jethro, alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Hapa tunawatega, huko unawalisha." Mama mkwe hakucheka. Alimtaka anawe kwa sabuni mara mbili kabla ya kushika mwiko.

Wanafunzi walitengeneza kisanduku cha mbao chenye vijia vingi, kimoja tu kikifika kwenye njugu. Kila panya alipaswa kujifunza njia hiyo huku wakimpima kwa saa. Siku nne zikapita bure. Panya wa Mariam, msichana wa Mombasa, alijikunyata konani akitetemeka.

"Labda huyu ni mjinga," Mariam akasema, machozi yakimlengalenga.

Persis alikuwa akifuta meza. "Si mjinga, dada. Hiyo panya inakuogopa. Unaiinua na mkia."

"Nimshike vipi? Ataniuma."

Persis aliingiza mkono polepole, akamwacha panya aunuse, kisha akamkalisha kiganjani na kumfunika kwa mkono wa pili. Panya akatulia, akaanza kusafisha masharubu. Mariam akanyoosha mikono, akampokea.

Dakta Ongeri alisimamisha vipimo kwa siku tatu. Wakawa wanashika panya tu, Persis akizunguka meza kwa meza kuwarekebisha vidole. Walipoanza tena, panya wa Mariam alifika kwenye njugu kwa sekunde kumi na moja. Wengine wakafuata, isipokuwa mmoja aliyependa kulala katikati ya njia.

Kabla ya kuondoka, Ongeri alimwomba Persis afundishe kipindi cha kwanza mwaka uliofuata.

"Mimi niliishia darasa la nne, Daktari."

"Hawa wamefika chuo kikuu, na hawakujua kushika panya."

Alifundisha kila Agosti hadi 1979. Siku ya kwanza kabisa alisimama mbele ya wanafunzi wageni. Akawatazama mikono. Kisha akawaambia wavue saa na pete, wasogee karibu, na kazi ikaanza.